Skripti Isiyo na Alama

Kazi yangu ni kusogeza maneno. Watu wakiniuliza nafanya nini mjini huwaambia hivyo, wakacheka wakidhani nafanya mzaha. Basi niwaeleze mara moja tumalizane. Mbele ya kamera pana kioo kilichoinamishwa, chini yake imelazwa tableti, na maneno yaliyo kwenye tableti huonekana juu ya kile kioo yakipanda mstari kwa mstari. Msomaji hukodolea kioo macho akasoma, na wewe uliyeshika simu yako nyumbani unaona anakutazama wewe machoni, kana kwamba yote anayatoa kichwani mwake. Kifaa hicho sisi twakiita prompta. Mimi nakaa kando kwenye stuli, rimoti ndogo mkononi, nikiyasogeza maneno kwa mwendo wa mdomo wake. Akikawia nakawia, akikohoa nasimama. Nikimkimbiza atababaika, nikimchelewesha atabaki ameachama kama samaki wa sokoni. Tena Kiswahili chetu kina maneno marefu, na kioo ni chembamba. Mstari mmoja hubeba maneno mawili, na siku nyingine moja tu.

Naitwa Mwikali. Nilizaliwa Buxton, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, baba yangu akiwa kuli wa Kilindini. Huu ni mwaka wa tisa nakalia stuli hiyo, orofa ya pili ya nyumba ya mawe huko Ndia Kuu, juu ya duka la fundi cherehani. Lakini sikukaa kuandika habari zangu. Nataka kumwandika Nasiha, kwa sababu sauti yake mwaijua nyote na mwenyewe hamumjui.

Mwaijua, msinibishie. Ukikata kikaratasi kwenye zile ofisi za foleni ukasikia "nambari themanini na mbili, dirisha la tatu," huyo ni Nasiha. Ile video wanayoonyeshwa wapakiaji bandarini kabla hawajapewa kofia ngumu, ni Nasiha. Ile ya kina mama na chanjo za watoto, ni yeye vile vile, na mtandio wake wa rangi ya zambarau. Akipita Marikiti kununua ndimu, wauzaji humpigia kelele, "Nasiha! Dirisha la tatu!" Naye bila kugeuka hujibu, "Limefungwa." Kwa sauti ile ile ya ofisini. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu.

Ana miaka arobaini na sita. Aliolewa akaachika, akarudi kwa mamake mtaa wa Kuze, na hakuona haja ya kutoka tena. Si mtu wa maneno mengi. Ukimkuta ngazini asubuhi ameshika ukuta kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili, utafikiri ni mtu aliyekuja kuomba maji. Ukimuweka mbele ya kioo, yule mtu wa ngazini humuoni tena. Nimewasogezea maneno wengi, wakiwemo wenye shahada zao na watangazaji wa redio. Wote macho huwatembea kushoto na kulia kama wanaotafuta sindano. Nasiha hatembezi macho. Asoma kama anayekuambia jambo analolijua tangu juzi.

Ufundi huo aliupata wapi? Kwa mamake.

Bi Mwanarusi alikuwa mwalimu wa chuo, cha Kurani, kwa muda wa miaka arobaini na kitu. Watoto wa Kuze na Kibokoni walikaa kwenye mkeka ukumbini kwake, wakasoma mpaka wakahitimu, na wengine leo ni wajukuu wa wale wa kwanza. Herufi za kizungu hakuzisoma, hakuzihitaji. Za Kiarabu alizisoma hata taa ikizimika. Na sikio lake, jamani, lilikuwa sikio. Wanafunzi thelathini husoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, naye akiwa jikoni anakuna nazi hupiga ukelele, "Wewe wa dirishani, rudia!" Mtu mzima mmoja aliye na ndevu nyeupe aliniambia kwamba hata leo akisikia mtu anakuna nazi, mgongo humsisimka.

Sasa, huo ndio uliokuwa utaratibu wetu. Skripti ikija, Nasiha huichukua nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda akamsomea mamake. Bi Mwanarusi hufumba macho, na panapotakiwa kupumuliwa huinua kidole cha shahada. Hasemi kitu, kidole tu. Nasiha huchora kistari kwa penseli pale pale. Kesho yake huniletea karatasi, nami naingiza vile vistari kwenye tableti, kwa rangi nyekundu, na siku ya kurekodi tunamaliza kabla ya jasho kutuingia machoni. Zakariya, mwenye studio na ndiye ashikaye kamera, mwanzoni alicheka. Alisema hajapata kuona kampuni ya video inayohaririwa na ajuza aliyefumba macho. Siku moja akalazimisha turekodi bila alama. Nasiha alikatikiwa na pumzi mara sita katika ukurasa mmoja. Tangu hapo ni Zakariya mwenyewe aulizaye kabla hajawasha taa, "Imepita kwa mama?"

Baada ya Ramadhani iliyopita, chakula kilianza kumkataa Bi Mwanarusi. Kwanza wali ulimkwama. Halafu mkate uliochovywa chaini. Halafu ikawa uji tu, tena mwepesi, kijiko baada ya kijiko, na kila kijiko anakiangalia kama mtu anayeangalia ngazi ndefu. Khubaib, kakake Nasiha, ambaye ni karani wa mawakala wa kutoa mizigo Kilindini, alimpeleka mama hospitali, na ni yeye aliyepewa majibu. Ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ilikuwa imekwishatambaa. Daktari alisema wamlishe, wamtulize maumivu, wakae naye.

Khubaib alimshika Nasiha pale chini penye ngazi, akamlisha kiapo kwamba mama hataambiwa. Angeambiwa ni vidonda vya tumbo. Karatasi za hospitali ziliwekwa juu ya kabati, wazi kabisa, kwa kuwa ziliandikwa kwa herufi ambazo mama hazisomi. Wala msidhani Khubaib ni mtu mbaya. Hivyo ndivyo inavyofanywa katika nyumba nyingi za mtaa ule. Mgonjwa hupakatwa na uongo kama mtoto, asivunjike moyo, na kila anayeingia mlangoni hufundishwa la kusema. Hata mimi nilifundishwa. Nilikwenda kumzuru kila Ijumaa na maji ya dafu, nikasema, "Vidonda hivi vitapoa, Bi Mwanarusi," na ulimi ukaniwasha njia nzima kurudi nyumbani.

Kwetu babangu aliambiwa pale pale kitandani. Alilia siku moja, siku ya pili akaanza kusema baiskeli apewe nani na shamba la Kangundo lisiuzwe. Sisemi kwetu tuna huruma kuliko kwao. Tuna ukatili wetu. Lakini nilimwambia Nasiha nionavyo, akanijibu taratibu, "Mwikali, hayo ni ya kwenu." Nilikasirika, ila Ijumaa nikaenda na dafu langu kama kawaida.

Lililokuwa likimkereketa Nasiha hata asipate usingizi halikuwa ugonjwa wenyewe. Lilikuwa jambo la Mwanakuu.

Mwanakuu na Bi Mwanarusi walikuwa wasichana wa mtaa mmoja, walisoma chuo kimoja, na walipokuwa wakubwa kila mmoja akafungua chuo chake, milango mitatu tu baina yao. Miaka saba iliyopita Mwanakuu alikwenda umra. Aliwaacha wanafunzi wake, watoto kumi na tisa, kwa mwenzake awashike mwezi mmoja. Aliporudi watoto hawakurudi. Wazazi wao walisema kwa Bi Mwanarusi wanakwenda mbio zaidi. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwa Bi Mwanarusi, "Rudini kwa mwalimu wenu," na hakulitamka. Mwanakuu alingoja wiki, alingoja mwezi, kisha akakunja mkeka akafunga chuo. Tangu siku hiyo, wakikutana kwenye kichochoro, mmoja huangalia ukuta huu na mwingine ukuta ule. Mwenye kosa alilijua kosa lake. Bi Mwanarusi alimwambia Nasiha kwa kinywa chake, "Nilimdhulumu mwenzangu, na shetani akanifunga mdomo."

Mfunguo tatu, yaani mwezi wa tatu tangu kufungua Ramadhani, baada tu ya Idi Kubwa, Mwanakuu alisikia mwenzake hawezi. Akamtuma bintiye Fadhiya.

"Mama akusalimu sana, Bi Mwanarusi," Fadhiya akasema. "Asema yaliyopita yamepita. Akipata wa kumshika mkono ngazini yuwaja kukutazama."

Bi Mwanarusi alijiinua kwenye mito. "Mwambie asije. Mkosa ni mimi, si yeye. Nikipona ntakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka mlangoni pake nimtake radhi. Sitaki anisamehe kwa kunionea imani nimelala."

Nasiha alikuwepo, bakuli la uji mkononi. Alijaribu. "Mama, twaweza kukubeba kwa kiti. Ni milango mitatu tu."

"Kwani mimi nafa leo?" mamake akacheka. Nasiha akampa kijiko kingine cha uji.

Mfunguo tano Fadhiya akaja tena na salamu zile zile, akarudi na jibu lile lile. Nikipona. Nasiha aliponisimulia alikuwa amekaa kwenye sakafu ya studio, mgongo ukutani, viatu kando. Alisema, "Mwikali, kila akisema nikipona nahisi mimi ndiye ninayemfungia mlango." Nikamuuliza basi kwa nini hamwambii. Akasema aliapa. Akasema pia, na hili ndilo lililokuwa kweli zaidi, kwamba aogopa kumuona mamake uso utakavyobadilika.

Wiki ile ile skripti ikaja. Ililetwa na mwanamke aitwaye Wendy, kutoka shirika moja linalowahudumia wagonjwa majumbani mwao. Video ilikuwa ya jamaa wanaomuuguza mtu mwenye saratani ya umio. Umio, kati ya viungo vyote vya mwanadamu! Nilipoisoma nilitaka kumpigia Zakariya simu nimwambie kazi hii apewe mwingine. Nilichelewa, Nasiha alikuwa amekwishaichukua.

Siku ya Jumatano alinirudishia karatasi. Niliifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye mashine. Hapakuwa na kistari hata kimoja.

Twarekodi baina ya adhuhuri na alasiri, adhana zisituingilie. Feni huzimwa kwa sababu inanguruma, friji huzimwa, madirisha hufungwa kwa ajili ya tuktuk, na taa mbili kubwa huwashwa. Ni kujipika wenyewe. Zakariya akauliza kama kawaida yake, "Imepita kwa mama?"

"Haikupita," Nasiha akasema.

Zakariya akamtazama, akawasha taa.

Nikaanza kusogeza. Aya za kwanza zilikwenda vizuri. Jinsi ya kumlaza mgonjwa, jinsi ya kumnywesha, jinsi ya kumsafisha kinywa. Hayo alikuwa akiyafanya kila siku, angeweza kuyasema bila kioo. Kisha yakapanda maneno haya, ambayo mpaka leo naweza kuyaandika bila kuangalia popote: Ikiwa daktari amesema ugonjwa hautapona, msimfiche mgonjwa. Mwambieni mapema, kwa upole, angali ana nguvu za kuzungumza. Kuna watu atakaotaka kuwaona. Kuna maneno atakayotaka kuyasema, na mtu wa kumwambia.

Alifika kwenye "msimfiche" akasimama. Nami nikasimama. Maneno yakabaki juu ya kioo, yakimtazama.

"Samahani," akasema. "Turudie."

Mara ya pili alilipita neno lile, lakini pumzi zilimwisha kwenye "angali." Mara ya tatu hivyo hivyo. Wendy alikuwa nyuma yangu akijipepea kwa faili, akaniuliza kwa kunong'ona kama dada haumwi. Nilitaka kumjibu vibaya. Niliichukua tableti nikaweka vistari mwenyewe, vitatu, pale nilipokisia Bi Mwanarusi angeinua kidole. Nilikuwa nimeona kazi yake kwa miaka tisa, nilidhani naijua. Niliporudi kwenye stuli Nasiha aliniangalia kupitia ubavuni mwa kioo, akatikisa kichwa kidogo, kama anayeshukuru na kama anayelalamika.

Mara ya nne aliisoma yote. Uso haukutikisika, macho hayakutembea. Aliwaambia watu wa nchi nzima wawaambie wagonjwa wao mapema, kwa upole, na alisema kwa namna ambayo mimi niliyemjua nilikaribia kumuamini. Wendy alipiga makofi. "Umesoma kama mtu aliyeyapitia," akasema. Maskini, hakujua. Nasiha akasema ahsante, akaenda chooni, akakaa huko mpaka Zakariya akamaliza kukunja nyaya zote.

Tulipokuwa tukishuka ngazi aliniambia, "Leo namwambia. Kiapo ntakilipia kafara." Nikamwambia namuombea Mungu ampe nguvu.

Hakumwambia. Khubaib alikuwa amefika kabla yake, bado na kitambulisho cha bandarini shingoni, akimkanda mama miguu. Nasiha alimwita nje penye ngazi akamwambia nia yake. Mwanamume wa miaka hamsini na moja, aliyezoea kugombana na madereva wa malori tangu alfajiri, aliegemea ukuta akalia. "Wewe wamuona mchana kutwa," akasema. "Mimi nipatacho ni hii saa moja ya jioni, na hiyo saa moja bado yuwacheka. Niachia. Maulidi yapite, tutamwambia pamoja." Maulidi yalikuwa yamebaki siku kumi na mbili. Nasiha alichoka. Sina neno jingine la kumtetea. Alikuwa amechoka kubeba, na mtu alimwambia weka chini kidogo, akaweka.

Mamake akamuuliza jioni ile ile, "Mbona wiki hii hukunisomea?"

"Hapakuwa na kazi, mama."

Alidhani kwa kutomsomea amemkinga. Kumbe katika nyumba ile ukimya ndio uliosikika zaidi. Bi Mwanarusi alimtazama kitambo, akageuza uso dirishani.

Siku ya nane ya zile kumi na mbili, Mwanakuu alitawadha kwa sala ya alasiri, akakaa kitini avute pumzi, na hakuinuka. Shinikizo la damu. Asubuhi alikuwa Marikiti akigombea bei ya bamia. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umejua, na maziko yakawa asubuhi ya pili. Jeneza lilipita chini ya dirisha la Bi Mwanarusi. Nasiha aliniambia mamake alitaka kuinuliwa, akainuliwa, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na lilipokwisha kupita aliendelea kuzishika.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na dafu langu. Nilimkuta amekonda zaidi, mikono kama ya mtoto, lakini kichwa kilikuwa kile kile. Nilimbusu mkono.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili? Kaa hapo penye upepo. Mamako hajambo?"

"Hajambo, akusalimu."

"Na hao wadogo zako?"

Tukaulizana habari zote, mmoja mmoja, kama ipasavyo. Nasiha alikuwa ukingoni mwa kitanda na bakuli. Bi Mwanarusi alimeza vijiko viwili, akakikataa cha tatu kwa mkono.

"Mwanakuu amenitangulia," akaniambia. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Amina. Mimi, Mwikali, nikipona, kwanza kabisa ntakwenda kwa Fadhiya na nduguze. Ntawataka wao radhi, kwa kuwa mama yao simpati tena. Nikipona tu."

Nasiha aliliweka bakuli sakafuni. Kijiko kikagonga ukingo. "Mama," akasema, "kuna kazi sikukusomea."

"Hee. Na ulinambia hakuna kazi."

"Nilikudanganya."

Nilifanya kama ninayetaka kuinuka, Bi Mwanarusi akanionyesha kwa mkono nikae. Nasiha alitoa kwenye mkoba ile karatasi, aliyoniomba tena baada ya kurekodi, ikiwa imekunjwa mara nne, akainyosha juu ya goti. Mamake akafumba macho. Ilikuwa kama siku zote. Nasiha akaanza kusoma, si kwa ile sauti ya kamera. Alisoma kwa sauti ya mtoto wa chuo anayemsomea mwalimu wake.

Kidole kilipanda mara ya kwanza, na Nasiha akavuta pumzi. Kikashuka. Kikapanda mara ya pili, mahali ambapo mimi na miaka yangu tisa nisingepajua. Kumlaza mgonjwa, kumnywesha, kumsafisha kinywa. Bi Mwanarusi alikuwa akisikiliza kazi, akirekebisha kazi. Kisha Nasiha akafika kwenye aya ile. Kidole kilikuwa juu, na kikabaki juu. Hakikushuka kwenye "msimfiche," wala kwenye "angali ana nguvu." Nasiha alisoma mpaka mwisho wa ukurasa bila mtu wa kumuonyesha pa kupumua. Mimi mkono ulikuwa ukitafuta rimoti mapajani nisimamishe yale maneno.

Bi Mwanarusi akafumbua macho. Kidole kikashuka taratibu juu ya shuka.

"Hii ni ya nani?"

"Ya wenye saratani ya umio, mama. Na jamaa zao."

"Na mimi vidonda vyangu?"

"Si vidonda."

Alinigeukia mimi. Niliangalia sakafu. "Na Mwikali yuwajua," akasema.

"Yuwajua."

"Na Khubaib."

"Ndiye aliyepewa majibu."

"Tangu lini?"

"Tangu mfunguo mosi."

Alianza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo vya vidole, kama avutaye uradi. "Mosi. Pili. Tatu." Akasimama. "Tatu alikuja Fadhiya na salamu. Wewe ulikuwa hapo hapo ulipokaa sasa."

"Nilikuwepo."

"Nne. Tano. Tano akaja tena."

"Nilikuwepo, mama."

"Nikasema nikipona. Ukanisikia nikisema nikipona, ukanipa uji."

Nilikuwa nimewasikia wanafunzi wake wa zamani wakisimulia hasira za Bi Mwanarusi, nikidhani wanatia chumvi. Hakupiga ukelele wala hakulia. Alimtazama bintiye kama amtazamavyo mtoto aliyeruka aya kwa makusudi. Nilimuogopa, na nilimuonea uchungu, na wakati ule ule nilikuwa upande wake kabisa. Miezi mitano ya umri wake tulikuwa tumemnyang'anya, sote, mimi pamoja na madafu yangu.

Nasiha akateremka kitandani, akapiga magoti juu ya mkeka, akamshika mamake miguu yote miwili. "Nipa radhi yako, mama," akasema. "Nipa radhi, nimekukosea."

Kule chini mtu alikuwa akibishana na dereva wa tuktuk, wakamalizana, tuktuk ikaondoka. Bi Mwanarusi akanyosha mkono, kwa taabu, akauweka juu ya kichwa cha Nasiha, akamsogeza nywele zilizotoka kwenye mtandio.

"Kwangu mimi mumesamehewa," akasema. "Wewe na nduguyo. Hamkutaka nisikitike, nawajua wanangu. Radhi yangu munayo mpaka kiyama." Akavuta pumzi, ikamuuma, akangoja ipite. "Lakini la Mwanakuu, aliyekufa akiningoja, si langu kulisamehe, mwanangu. Na mimi mwenyewe sasa, kwake, sijui nimtume nani."